Nyumba ya Kumzuia Kathini

Jumatatu, 3 Machi

Kathini ameniambia leo, tukinywa chai. Watu wa Muoki watakuja Jumamosi ya wiki ijayo kuleta mbuzi wa ntheo. Kwetu Wakamba mbuzi hao wakishapokelewa, basi, msichana ni wa watu. Kanisani wataenda wakipenda. Baada ya hapo atahamia Kariobangi, ghorofa ya nne, kwa huyo Muoki wake anayeendesha basi la shule.

Nikampongeza. Nikampa mkono kama mkubwa wa ofisi anayemuaga mfanyakazi. Kisha nikaenda chooni, nikajifungia, nikakaa. Ndio mlango wa pekee humu ndani unaofungika.

Mama yake alitutoka mwaka juzi. Nthoki wangu. Tangu hapo tumekuwa wawili, mimi na binti yangu, na redio. Kathini akienda nitabaki na redio. Na redio yenyewe siku hizi inashika stesheni moja tu.

Lakini Muasya si mtu wa kukaa akilia chooni. Nilikuwa karani wa bohari mpaka nikastaafu, na karani hufikiri. Nikafikiri. Kwa nini msichana aondoke nyumba ya baba yake? Kwa sababu nyumba ni mbaya! Plasta haikufika nyuma. Sebule ina rangi ya uji uliomwagika. Uani ni ule udongo mweusi wetu wa Njiru, mvua ikinyesha unakuvua viatu. Nyumba ikipendeza, nani ataondoka? Muoki mwenyewe akiona atahamia hapa. Huku kuna hewa. Kariobangi kuna nini? Ngazi.

Fundi siiti. Fundi wa mwisho alituachia ukuta uliopinda, Nthoki akautundikia kalenda ya kanisa kuuficha. Nitafanya kwa mikono yangu. Nimetazama video kwenye simu na haionekani kazi ngumu. Yule bwana wa kwenye video alikuwa amevaa shati jeupe.

Jumatano, 5 Machi

Sebule.

Stoo kulikuwa na rangi za zamani. Nyeupe iliyobaki ya dari, kijani kidogo, nyekundu ya mabati. Nikaona mtu mwenye akili hatupi mali. Nikazichanganya zote kwenye karai, nikakoroga na mwiko. Nilitarajia rangi ya krimu.

Imetoka rangi ya maini. Tena si maini mabichi. Maini yaliyokaangwa jana.

Niligundua nikiwa nimemaliza kuta tatu. Ya nne nikaipaka pia, maana ikibaki peke yake watu watauliza. Halafu nyingine ilikuwa rangi ya maji na nyingine ya mafuta, na kumbe hazisikilizani. Mahali pengine imeganda, mahali pengine inateremka polepole hadi sasa ninapoandika.

Kathini alirudi kutoka kazini, lile duka la dawa la Umoja, akasimama mlangoni na mkoba wake. Akasema ni nzuri, Baba. Mama yake alikuwa akisema hivyo hivyo kuhusu ugali wangu.

Hilo si baya. Baya ni vitambaa. Vile vitambaa vya viti alivyofuma Nthoki, vyeupe vyenye maua ya samawati. Nilisahau kuviondoa. Vikarukiwa. Nikavitia mafuta ya taa, nikavisugua na waya wa sufuria, na kimoja ua zima likafumuka mkononi mwangu, uzi ukatoka mrefu, mrefu, nikashindwa kujua niuvute au niuache. Alikuwa akivifuma jioni akinisubiri nirudi kazini. Nimevigeuza upande wa chini. Ukikaa vizuri huoni.

Nimekaa juu yake jioni yote.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimeanza silaha kubwa. Chumba! Nyuma ya jikoni, kwa mawe yaliyobaki tulipojenga. Chumba cha Kathini na Muoki. Kathini nimemwambia ni stoo.

Nimechanganya simiti mwenyewe. Mgongo umenikumbusha umri wangu mara kadhaa. Opicho, jirani wangu wa kushoto, akaja akaegemea ua. Huyu Opicho ana geti lenye simba wawili wa simiti na anadhani hakuna anayejua ni kwa nini aliwaweka. Aliwaweka kunionyesha. Nyuso zenyewe ni za paka waliokosa maziwa.

Akauliza najenga nini. Nikasema stoo. Akauliza stoo gani yenye madirisha mawili. Nikasema vitu vyangu vinapenda mwanga. Akasema kama nikihitaji mtu wa kunishikia kamba ya kunyoosha ukuta, niite tu. Nikamshukuru kwa baridi. Leo kamba, kesho atasema nyumba tulijenga pamoja.

Kathini naye amechungulia jioni. Akauliza mbona stoo ina mahali pa kutundika pazia. Nikasema pazia ni la kuzuia vumbi. Akanisafisha simiti kwenye nyusi kwa kidole gumba, akaenda kupika.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada nikampitia dada yangu Ndindi. Nikamweleza mpango, kwa kuwa mpango mzuri ukikaa tumboni peke yake unaumiza.

Akaweka kikombe chini. Akasema Mkamba gani alishaonekana akihamia kwa wakwe zake? Watamcheka Muoki kila mahali anapokanyaga. Akasema nikilitamka jambo hilo mbele ya watu wa Muoki nitakuwa nimeivunja nyumba ya Kathini kabla haijasimama. Nikasema nyakati zimebadilika. Akasema nyakati ndiyo, Wakamba hapana.

Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama ninalala siku hizi. Nikasema ninalala vizuri sana. Uongo. Nasikia kila gari linalopita barabara ya Kangundo.

Ndindi ni mtu mzuri lakini mambo ya kisasa hayajui. Hata hivyo nimekubali kitu kimoja: sitamwambia Muoki kwa mdomo. Nyumba itamwambia yenyewe.

Jumanne, 11 Machi

Chumba kina paa! Mabati yameingiliana vizuri isipokuwa pembe moja, na pembe hiyo nimeweka ndoo.

Leo bustani. Mbegu hazina haraka na mimi nina haraka. Nikautazama ua wa Opicho. Anao ule mmea wenye majani membamba marefu na maua ya waridi, wanaoupanda kando ya barabara kuu. Maua tele! Nikangoja aende Gikomba kwenye kibanda chake. Nikachukua panga. Nikakata matawi ya kutosha, yenye maua yake tayari, nikayachomeka ardhini kutoka getini hadi mlangoni, huku na huku. Bustani kamili kabla ya chakula cha mchana! Hata yule wa kwenye video hajafanya hivyo.

Opicho alirudi, akauona ua wake umekaa kama kichwa kilichonyolewa na mtu aliyekatikiwa na umeme katikati ya kazi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele, na hapo ndipo aliponiudhi. Akasema ningeomba angenipa. Akasema tena niwe mwangalifu, nisijiguse machoni, mmea ule una sumu, na mnyama akiula hafiki mbali.

Wivu! Ameona bustani yangu inaishinda yake kwa maua yake mwenyewe. Nikamjibu kwamba hapa hatufugi hata kuku. Akasema sawa, jirani, akaenda zake kwa simba wake.

Maua yamenyauka kidogo kufikia jioni. Ni ugeni. Yatazoea.

Ijumaa, 14 Machi

Muoki amekuja na mbuzi. Leo!

Shida ni kwamba pikapu ya rafiki yake ilipatikana leo tu, na mbuzi wakishanunuliwa Kiamaiko huwezi kuwapandisha ghorofa ya nne. Akaomba kwa heshima walale kwangu. Lakini kesho lazima waonekane wanafika. Huwezi kuniletea ntheo ambayo tayari imelala kwangu, imekunywa maji yangu. Wazee watasema nini? Tukakubaliana. Asubuhi nitawatoa kwa mlango wa nyuma, wazunguke, waingie getini na wazee wao kama wageni. Kwa leo mbuzi hawapo.

Nikamwambia, "Mbuzi gani? Mimi hapa sioni mbuzi."

Akacheka. Nami nikacheka. Mara ya kwanza tumecheka pamoja. Ni kijana mzuri, na hilo ndilo linaloniumiza. Angekuwa mlevi ingekuwa rahisi.

Nikamwonyesha stoo. Nimeweka kitanda, godoro, pazia, na picha ya Mlima Kenya. Akatazama kitanda. Akatazama ndoo ya pembeni. Akasema, "Mzee, umefanya kazi." Nikangoja aendelee. Nikasema huku Njiru hewa ni nzuri sana. Akakubali kwamba hewa ni nzuri. Akatazama saa, akasema rafiki yake anataka gari.

Mbuzi ni watatu, dume mmoja na majike wawili. Nyuma ya nyumba simiti bado mbichi, kwa hiyo nimewafunga mbele, kando ya maua. Wamependeza sana pale. Yule jike mdogo ni mpole, alinilamba mkono nilipompa maji. Nikasimama naye kidogo. Nilimwambia mambo mawili matatu, maana hakuwepo.

Jumamosi, 15 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilikuta pengo kwenye bustani. Jike mdogo alikuwa amekula matawi kadhaa hadi kwenye kijiti. Nikamgombeza! Nikajaza pengo kwa maua ya plastiki ya sebuleni. Alikuwa ameinamisha kichwa, nikadhani ameona haya. Maneno ya Opicho hayakunijia hata kidogo, kwa sababu maneno ya Opicho nilikwisha kuyaweka kwenye kapu la wivu.

Nikawatoa kwa mlango wa nyuma kama tulivyopanga. Wageni wakafika, wanaume kwa wanawake, wakiongozwa na Mzee Nzau, mjomba wa Muoki, kofia kichwani na fimbo mkononi. Wetu wakapiga vigelegele. Opicho alikuwa ameniletea viti vyake vyote bila kuombwa. Ndindi alishika jiko. Kathini alikuwa ndani amevaa kitenge cha samawati. Nilipomwona nilitoka nje haraka nikakagua geti, ingawa geti halikuwa na neno.

Mbuzi wakaingia. Dume, sawa. Jike mkubwa, sawa. Jike mdogo akaingia upandeupande. Akafika katikati ya maua yangu, akapiga magoti, akalala. Mzee Nzau alikuwa katikati ya salamu. Mate yakamtoka yule mbuzi, miguu ikatikisika, akafa. Pale pale, kwenye viatu vya wazee.

Mama mmoja wa upande wao akasema taratibu kwamba hiyo si dalili njema.

Mzee Nzau akavua kofia. Akasema mbuzi wa ntheo hafi mlangoni bure. Akasema huenda kuna mtu wa nyumba hii ambaye hajakubali. Huenda ni mama wa msichana, huko aliko, hajakubali. Afadhali warudi, wakae, wafikiri. Labda mwakani.

Naandika ukweli kwa kuwa hapa hakuna anayenisoma. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Mwakani! Kathini anabaki! Sebule ilishindwa, chumba kilishindwa, na sasa mbuzi mmoja amemaliza kazi, na mimi sikuhitaji kufanya lolote ila kunyamaza na kuwa na uso wa huzuni. Uso huo ninao siku zote.

Kisha nikamwona Kathini. Alikuwa kwenye dirisha la jikoni na sinia la glasi mikononi. Alikuwa amesikia kila neno. Hakuwa analia. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyegombezwa, na nikaelewa kwamba ameamini. Ameamini kwamba mama yake amemkataa.

Nikasimama. Sikupanga. Nikasema, "Si Nthoki. Msimsingizie mke wangu. Nthoki angewapokea kwa nyimbo. Ni mimi."

Nikasema yote. Kwamba maua ni ya Opicho na nimeyaiba. Kwamba niliambiwa ni sumu, nikasema ni wivu. Kwamba mbuzi nimewafunga mwenyewe pale, jana.

Mzee Nzau akauliza, "Jana?"

Muoki akajifunika uso kwa mikono miwili. Ndindi alitamka kitu cha Kikamba ambacho sijakisikia tangu marehemu mama.

Mzee Nzau akautazama mstari wote wa maua, akatazama yale ya plastiki, akanitazama mimi. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani ni hasira. Alicheka mpaka akashikwa na mtu asianguke. Akasema ameshaona wakwe wakipigana kwa maneno, hajaona aliyelisha ntheo sumu kwa kutaka kupendeza. Nikasema nitalipa mbuzi. Akasema hapana, mtu hajiletei ntheo ya binti yake. Muoki ndiye aende Kiamaiko akalete mwingine, na safari hii asimlaze popote.

Tukangoja. Muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena. Opicho akaleta beleshi tukamzika mbuzi nyuma ya chumba, maana nyama ile hailiki. Nilingoja aseme nilikwambia. Hakusema! Alichimba tu. Huyo mtu hana huruma.

Jioni mbuzi wa tatu akaingia akitembea vizuri, wakapokelewa wote. Wakaimba. Nami niliimba, nadhani. Kathini alinipita na sinia, akaniegemea begani kidogo tu, akaendelea. Sasa ni wa watu. Ningenyamaza angekuwa wangu.

Jumatatu, 17 Machi

Ameenda leo.

Vitu vyake havikujaza hata pikapu. Sanduku, sufuria, blanketi, viatu vya kazini. Mtu anakaa nyumbani miaka yote hiyo halafu anatosha nyuma ya gari dogo. Akaomba kitambaa kimoja cha mama yake. Nikataka kumchagulia lakini akawahi kukichukua. Akakigeuza, akaona ua lililofumuka. Akakikunja vizuri, akakitia kwenye mkoba.

Kisha akaingia kwenye stoo, akaketi kitandani, akapapasa godoro nikae. Akasema anajua si stoo. Alijua tangu siku ya pazia. Akanishika mkono. Akasema, "Baba, si nyumba. Hata ungenijengea ikulu ningeenda. Ninaenda kwa mume wangu, sikukimbii wewe. Jumapili tutakuja kula hapa. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa. Akalia. Nami machozi yakanitoka, nikamwambia ni vumbi la simiti, na kweli lilikuwepo.

Gari likaondoka likirusha matope. Nikamwona akinipungia mpaka kwenye kona. Nikafagia uani. Nikafagia tena. Nyumba imekuwa kubwa ghafla, na mimi ndiye niliyeiongezea chumba.

Redio nimeiwasha. Nimeizima.

Jumapili, 23 Machi

Walikuwa waje leo. Sikwenda kanisani ili niwahi jiko. Wali, kuku wa kienyeji, mboga za majani. Nikatandika meza, nikaweka sahani tatu na glasi zile za wageni. Nikafungua geti mapema wasipate taabu ya kupiga honi.

Kathini akapiga simu mchana. Muoki ameitwa kazini ghafla, kuna watoto wa kupelekwa safari. Na yeye amebaki akifua, amechoka, sauti nilisikia. Akasema wiki ijayo, Baba, bila kukosa. Akauliza nimekula. Nikasema hata sikuwa nimepika, nilikuwa nimesahau kwamba ni leo. Akacheka, akafurahi kwamba hakunisumbua.

Nimekula sahani zote tatu. Chakula ni chakula. Ya Muoki nilimwekea paja, nikalila kwa niaba yake.

Baada ya hapo sikujua la kufanya. Nikaenda kwenye kile chumba, nikalala kwenye kitanda chao. Nilitaka tu kuona walichokiona wao. Nikajinyoosha. Nikatazama dari. Nikajinyoosha tena, na miguu yangu ikagusa ukuta.

Ikagusa ukuta! Nikaketi. Nikalala tena kuhakikisha. Imegusa! Na Muoki ni mrefu kuliko mimi! Kumbe msichana alikuwa ananifichia tu, ana adabu kama mama yake, asingeweza kumwambia baba yake usoni kwamba chumba ni kifupi. Eti hata ikulu. Nani hukataa ikulu? Siku zote hizi nimejilaumu bure, nikadhani ni mimi, nikadhani ni upweke wangu unaowafukuza watu, na kumbe ni ukuta.

Nimepima. Nikiusukuma nyuma kidogo, kitanda kitakaa vizuri na kitoto nacho kitapata pa kulala, Mungu akijalia. Nimemwita Opicho nikamwomba nyundo yake kubwa. Akaniuliza ya nini. Nikasema ya stoo. Ameenda kuileta, na akasema kesho atapita anishikie kamba.

Naanza alfajiri. Jumapili wakija wakute kuna nafasi.